Kuzidisha listi ndani ya Python: wacha kujigamba, andika kitu kinachoeleweka

Wasee, kuna huu mjadala hauishi popote watu wa programu wanapokutana. Ukipewa listi ya namba ndani ya Python, ni njia gani poa ya kuzizidisha zote? Kila mtu ana yake, na ya mwenzake anaiona ya kishamba. Mimi nina msimamo.

Kwanza, mbona mtu azidishe listi nzima? Chukua mkopo wa simu. Tuseme umekopa 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na usipolipa riba inapanda juu ya deni. Baada ya mwaka, wengi hupiga hesabu ya kichwa: 10 mara 12 ni 120, basi deni ni 2,200. Zii. Kila mwezi deni zima linazidishwa kwa 1.1. Fanya hivyo mara 12 na deni ni kama 3,138. Hiyo 900 na kitu hujaiona ikija, lakini utailipa. Na riba ikibadilika kila mwezi, sasa una listi: [1.1, 1.08, 1.12]. Hapo ndipo hii maneno inaanza kukuhusu.

Njia ya kila mtu ni lupu:

jibu = 1
for n in namba:
    jibu = jibu * n

Anza na 1, si 0. Ukianza na sifuri, hata listi iwe na mamilioni, jibu ni sifuri.

Halafu kuna wale wa reduce:

from functools import reduce
jibu = reduce(lambda a, b: a * b, namba)

Inafanya kazi, lakini mtu mpya ataikodolea macho. Hata wenye Python waliona hivyo: Python 3 ilipotoka 2008, reduce iliondolewa kwa zile fanksheni za kila siku ikapelekwa ndani ya functools. Na ukiipa listi tupu bila namba ya kuanzia, inakutupia kosa.

Tangu Python 3.8, iliyotoka 2019, kuna hii:

import math
jibu = math.prod(namba)

Imekwisha. Imeandikwa kwa C, kwa hivyo kwa kawaida inashinda lupu yako kwa mbio. Listi tupu inakupa 1, vile hesabu inataka. Na mtu akisoma, anaelewa bila kukuuliza.

"Lakini NumPy ni noma zaidi!" Ndiyo, kama data yako tayari iko kwa array kubwa, np.prod inaenda kasi sana. Ila chunga. Namba nzima za NumPy kwa kawaida zina nafasi ya biti 64 tu. Zidisha 1 mpaka 20, uko sawa. Ongeza 21, unapata namba hasi! Hakuna kosa, hakuna onyo, ni uongo tu umekaa kwa skrini. Namba nzima za Python yenyewe hukua mpaka memori iishe, kwa hivyo math.prod inakupa 51090942171709440000, jibu lenyewe. Kasi ya jibu la uongo itakusaidia nini?

Kitu huniudhi ni vile anayeanza akiandika lupu anachekwa ati hajui. Mimi niliacha uni, hiyo sauti naijua vizuri. Watu wengi wenye akili wamefunga laptopu kwa sababu ya kicheko kama hicho, na hawakurudi. Lupu yake ilikuwa inatoa jibu sahihi. Alihitaji tu mtu wa kumwambia, "Poa, sasa jaribu math.prod."

Msimamo wangu ni huu: jifunze lupu ndio uelewe, tumia math.prod ndio umalize kazi, NumPy iachie data kubwa ukijua mipaka yake. Na kabla ubonyeze "kubali" kwa mkopo wowote, weka riba zake kwa listi kwanza uone jibu.