Mwisho wa Njia ya Misafara

Sisi watu wa Bwejuu tumezoea kulitazama jua likitoka baharini. Mwaka huu tulivuka kwenda mrima, tukaenda kwa miguu kipande cha mwisho cha njia kuu ya misafara, itokayo Ujiji kwa kupitia Tabora hata Bagamoyo, mwendo wa kilomita 1,200 hivi.

Alfajiri tuliuacha mto Ruvu nyuma. Adhuhuri tukaingia mjini, miguu imevimba. Zamani mpagazi alipofika hapa aliutua mzigo wake wa pembe, akapumzika. Mtumwa hakupumzika, alingojea jahazi. Hapa ndipo Susi na Chuma na wenzao walipofikisha maiti ya Livingstone, Februari 1874, baada ya kuichukua miezi kama tisa.

Basi mwisho wa njia ni wapi? Kwa mtumwa, si Bagamoyo. Wengi walivushwa hata kwetu Unguja, wakauzwa Mkunazini, katika soko lililofungwa mwaka 1873. Leo pana kanisa. Ndugu, mwendapo mjini na kamba zenu za usumba, piteni pale, mkatue mizigo, mkawakumbuke wasioweza kuitua yao.