Kizazi cha Foleni

Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza kwamba noti za zamani, zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, zipelekwe kubadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, vijana wengi walishangaa kusikia kuna mtu bado anazo. Sisi wa rika langu hatukushangaa. Tulikwenda kuinua magodoro.

Zilitoka noti zilizokunjwa mara nne kwenye makopo ya maziwa, kwenye mifuko ya makoti yasiyovaliwa tena, ndani ya Biblia na misahafu. Nyingine zilikuwa za shilingi 20, ambazo leo hazinunui hata pipi. Bibi mmoja mtaani kwetu alikuta furushi la marehemu mumewe nyuma ya kabati. Alilia, na sijui kama alimlilia mume au alizililia zile hela zilizolala humo huku yeye akikopa ada za watoto.

Wajukuu hutuita wachoyo. Wangejua tulikotoka wangetafuta jina jingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mafuta yalikuwa yamepanda bei. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na hadi vijana wetu wanaingia Kampala, Aprili 1979, hazina ilikuwa imekauka. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikaisha, mikanda ikabaki vilevile.

Nani atamwelezea mtoto wa leo duka la kaya, lile la mgawo? Ulifika alfajiri ukakuta mstari wa mawe, kila jiwe na mwenyewe. Hili lina alama ya mkaa, lile limefungwa kitambaa chekundu, na mahali pengine pamewekwa kopo lililotobolewa. Mwenye jiwe alikuwa amerudi nyumbani kuchemsha uji au kumalizia usingizi, na watu waliliheshimu jiwe lake kama vile amesimama mwenyewe. Ukiona foleni ulipanga kwanza, ndipo ukauliza kinachouzwa. Huenda ikawa sukari, huenda ikawa viberiti. Siku nyingine ulirudi na vitenge vya rangi usiyoipenda, ukashukuru. Tulikula unga wa mahindi ya njano, watu wakauita unga wa Yanga, na mashabiki wa Simba waliula hivyo hivyo. Jumapili ikifika saa nane mchana, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani.

Hapo tulijifunza somo la kwanza: ukikipata, kiweke, kesho hakipo.

Somo la pili lilikuja 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi ilipoanza. Nami nilimshangilia Waziri Mkuu Sokoine, sioni aibu kusema. Walanguzi walikuwa wametunyonya vya kutosha. Lakini msako ukipita mtaani hauchagui hofu ya nani. Watu walitupa vitu usiku, mashimoni, vichakani na baharini, na miongoni mwao walikuwamo walionunua katoni ya sabuni kwa ajili ya harusi tu. Dawa ya meno ya kutoka Kenya bafuni ilitosha kukukosesha usingizi. Watoto walifundishwa kusema "hatuna" kabla hawajaulizwa swali.

Mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akawa Rais, na maduka yakajaa. Rafu zilibadilika kuliko sisi.

Sina ugomvi na somo la kwanza, lile la kuweka makopo. Mke wangu anayo stoo nzima, na kila likitakiwa kopo la kupandia miche majirani huja kwake. Kinachonisumbua ni lile somo la pili, la kuficha, maana tulilihamisha kutoka kwenye sabuni tukalipeleka kwenye kila kitu. Wanaume wa kizazi changu wamestaafu wake zao hawajui walikuwa wanalipwa kiasi gani. Mzee ana kiwanja Kibaha, watoto hawajui. Ana presha, dawa anazificha kwenye soksi. Siku akiondoka, kikao cha ukoo kinakaa kabla matanga hayajaanuliwa, hati haionekani, na anatokea mtu asiyejulikana na karatasi ya mauziano yenye dole gumba. Ndugu waliokuwa wakila sahani moja wanapelekana mahakamani.

Halafu kuna ufundi. Hili ndilo linaloniuma kuliko mali. Nilifanya kazi karakana miaka mingi, na niliona mafundi hodari wakifika penye siri ya kazi, pale pa kuweka taimingi ya injini, wanamtuma kijana akanunue soda. Kijana akirudi, injini imeshafungwa. Ofisini ilikuwa hivyo hivyo: faili moja, droo moja, ufunguo kwenye mfuko wa suruali ya bwana mkubwa. Tulidhani ujuzi nao unagawiwa kwa kilo, kwamba ukimpa mwenzako robo wewe unabakiwa na pungufu. Mafundi wengi wa namna hiyo wamekwenda kaburini na walichokijua, na vijana wao wameanza upya kwa kuharibu injini za watu.

Mtu hakui akiwa analinda. Hata sasa, M-Pesa iko nchini tangu 2008, wapo wastaafu ambao pensheni ikiingia asubuhi, jioni yote imeshatolewa iko chini ya mto, ikisubiri mwizi au panya. Si ujinga. Mkono unakumbuka kile ambacho kichwa kimesahau.

Vijana nao wana lao, kila wanachokula wanakipiga picha, lakini hilo waliandike wao wakizeeka.

Kuna jambo moja la foleni ambalo nisingependa litupwe pamoja na hayo mengine. Mtu akiugua, au mama akiwa na mtoto mchanga, wenzake waliokuwa kwenye mstari walilisogeza jiwe lake kwa mguu, hatua kwa hatua, hadi dirishani, wakamchukulia na mgawo wake. Katika shida ile ile iliyotufundisha kuficha, walikuwapo watu wa hivyo. Wema huo mwingi tuliuacha upite, tukabaki na hofu.

Mwaka jana nilikwenda kuandika wosia, nikauacha uhifadhiwe kwa wakala wa serikali, RITA. Rafiki zangu wawili walinishangaa. Mmoja aliniuliza kama naumwa. Kisha nikawaita wanangu, nikawaonyesha hati ya nyumba, nikawatajia shamba lilipo na mpaka wake na jirani, nikawaambia na dawa ninazomeza. Mwisho nikataja pensheni yangu ya mwezi. Ilikuwa ngumu kutamka kuliko jina la ugonjwa.

Walitazamana. Kitinda mimba akaangua kicheko: "Baba, miaka yote hii tulidhani unazo!"

Kumbe walikuwa wakinisubiri niwasaidie. Tangu siku hiyo umeme wa Luku wananunua wao.