Spana za Baba

Baba aliniachia pikipiki ya cc 125 na kopo la maziwa lenye spana nne: 10, 12, 14 na 17. Mimi, kwa ujuaji, nikanunua boksi zima la spana za bei chee, zinang'aa hizo! Siku ya kwanza kumwaga oili, spana mpya ikateleza, ikala kona za boliti. Fundi wa mtaani akacheka: "Dogo, hizi za kuuzia macho."

Nikaweka boliti nyingine. Ile 17 ya Baba, na kutu yake, ikaikamata barabara.

Nimeongeza vitu viwili tu: spana ya plagi na bisibisi ya nyota. Cheni naikaza mwenyewe kila inapolegea. Nalegeza nati ya ekseli ya nyuma, nakaza pande zote mbili sawasawa, mpaka nikiibonyeza katikati icheze sentimita mbili hadi tatu. Ukiivuta kama kamba ya kuanikia nguo, unaua beringi.

Spana 14 imezungushiwa utepe mwekundu. Sikuwahi kumwuliza Baba kwa nini.

Mama akisikia chuma kinagongana uani, huacha anachofanya, akachungulia.