Kadi yetu iliishia mtoni

Safari ya Suam tuliwaahidi tutaiandika. Hii hapa.

Tulitoka Jinja saa kumi na mbili asubuhi, tuko wanne. Tukapita Iganga, tukashika barabara ya Tirinyi, mashamba ya mpunga huku na huku. Mbale tukanywa chai na chapati, tukabadili gari. Kutoka hapo ni kupanda tu: Sipi na maporomoko yake matatu, Kapchorwa, Bukwo, hadi Suam, mpaka wa Kenya. Mlima ni Elgon, ule ambao kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321. Kapchorwa mpaka Suam ni kilomita 73. Zamani mvua ikinyesha, magari yalikuwa yanalala kwenye matope. Sasa kuna lami. Dereva akatuonyesha vijana wanakimbia kando ya barabara: “Huku ndiko kwao Cheptegei.” Baridi ikatuingia. Mmoja wetu akasema, “Hii ni Masisi kabisa.” Wote tukanyamaza.

Hatukwenda kutalii, kusema kweli. Mwenzetu ana mama mdogo anauza vitenge Kitale. Walipotezana mwaka 2012, wakati M23 wanaingia Goma. Yeye alikuwa na miaka saba. Wameongea kwa simu tu, na siku ile walipanga kuonana.

Sisi tulidhani kadi ya mkimbizi inatosha. Afisa aliigeuza mbele na nyuma, akasema kwa upole, “Kijana, hii inakutembeza Uganda yote. Hapo mtoni inaishia.” Ni kweli. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa uhuru wa kutembea ndani ya nchi. Kuvuka ni jambo lingine: unahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, ile inayotajwa kwenye Mkataba wa 1951. Mama mdogo naye karatasi zake ni kama zetu, ila za upande wa pili.

Basi tukasimama huku, yeye kule, mto Suam katikati. Si mto mkubwa. Akapiga simu: “Inua mkono nijue ni nani.” Mwenzetu akainua. Simu ikakaa kimya muda mrefu, halafu tukasikia, “Umekuwa mrefu kama baba yako.”

Mama mmoja wa sokoni, anayevuka na mboga kila siku, alituletea mfuko wake. Ndani mlikuwa na mandazi, kitenge, na picha ya marehemu mama yake. Hakuwa nayo hata moja.

Tulirudi Jinja usiku. Hakuna aliyelala kwenye gari.

Wiki hii tumeanza kufuatilia hati, wote wanne. Wewe mwenye ndugu ng’ambo, uliza mapema, kabla ya kulipa nauli. Na ukiipata, tuambie hapa, tujue inawezekana.