Tutambue matundu ya kompyuta yetu

Kompyuta ya kikundi tuliinunua kwa michango ya kila juma, na hesabu za akiba yetu zimo ndani yake. Tusingoje kijana wa jirani kila mara tunapotaka kuchomeka flashi, maana akichomeka yeye, hesabu zetu anaziona.

Darasani tunafundisha watoto kutazama kabla ya kushika. Nasi tutazame. Tundu la mstatili ni USB A. Flashi huingia humo kwa upande mmoja tu. Ikikataa, tuigeuze, tusiisukume kwa nguvu. Kile kipande chembamba cha ndani kikivunjika, tundu limekufa. Mara nyingi kipande cheusi au cheupe ni USB 2; cha buluu ni USB 3, iliyotangazwa mwaka 2008, na hunakili haraka zaidi. Umeme ukikatika ovyo, haraka hiyo inatufaa.

Tundu dogo lenye ncha za mviringo ni USB C. Halina juu wala chini. La karibu mraba, USB B, liko nyuma ya mashine ya kuchapisha.

Kwenye mkutano ujao, kila mama achomeke kwa mkono wake mwenyewe.