Picha za Kilwa

Msafiri arudipo kwao huulizwa maswali mawili: ameona nini, na ameleta nini. Babu zetu walilijibu la kwanza kwa masimulizi ya usiku kucha, na la pili kwa kikapu cha tende au kipande cha nguo. Picha imekuja ikayajibu yote mawili kwa mara moja. Mtu hufungua albamu yake, au siku hizi simu yake, akasema, "Tazama," na kutazama kukiisha, mazungumzo nayo yamekwisha. Sina ugomvi na picha. Nimezipiga nyingi, na nimewaonyesha watu wengi kuliko wale walioomba kuziona. Lakini ziko 36 nilizopiga Kilwa Kisiwani mwaka 2004 ambazo kila nizishikapo hutahayari, na sababu ya haya hiyo ndiyo nitakayoieleza.

Nalikwenda huko na mwalimu mwenzangu. Mimi nalifundisha historia, yeye hesabu, katika shule moja ya sekondari. Magofu hayakuwa mapenzi yake. Alikuja kwa kuwa nilimwomba. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilikuwa limefunguliwa mwaka uliotangulia, basi hatukungojea kivuko kama waliosafiri kabla yetu; walakini barabara iliyofuata daraja ilikuwa bado ya vumbi na mashimo, tukafika Kilwa Masoko usiku, nywele zetu nyekundu kama za watu waliopaka hina.

Kamera yangu ilikuwa ya mkanda, na mkanda ulikuwa mmoja tu. Picha 36 ni akiba ndogo kwa mji ambao zamani ulishika biashara ya dhahabu ya Sofala. Nikajiwekea sheria kwamba hakuna picha itakayopotezwa kwa sura ya mtu. Sura zetu, nilimwambia mwenzangu, tunaziona kila siku kiooni. Kilwa hatutaiona kila siku. Aliikubali sheria hiyo pasipo kuteta. Kila nilipoinua kamera nilimpungia mkono asogee, naye akauliza kwa utani, "Nihamie mashariki au magharibi, Mwalimu?"

Asubuhi tulivuka kwa mashua ya tanga. Linalomlaki mgeni kisiwani ni Gereza, ngome iliyojengwa na Waomani kiasi cha mwaka 1800 juu ya mabaki ya ngome ya Wareno, ambao waliupiga na kuupora mji mwaka 1505, wakaondoka mwaka 1512. Upande wake ulioelekea maji ulikuwa umeliwa na bahari. Niliipiga kutoka mashuani. Mwenzangu alikuwa akizungumza na nahodha juu ya bei ya kitambaa cha tanga, na goti lake lilikuwa limeziba pembe ya picha, nikamwomba alivute.

Katika Msikiti Mkuu tulikaa muda mrefu. Sehemu ya kaskazini, iliyo ndogo na kongwe, ni ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikabomoka, kisha ikajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo za mawe na chokaa zinazobeba matao na kuba. Mawe yenyewe ni matumbawe, ambayo yakitolewa baharini huwa laini hata fundi akayachonga atakavyo, kisha hewani hukauka yakawa magumu. Humo ndani mwanga huingia vipande vipande, na mtu akisimama katikati huona nguzo zimejipanga mistari kila aelekeapo. Mwenzangu alizihesabu, akahesabu na matao, akapima kwa hatua zake nafasi baina ya nguzo na nguzo, akanijia na kusema, "Aliyejenga hapa alikuwa mtu wa hesabu, si wa historia."

Nje kulikuwa na wanawake waliotoka kisimani. Nilitaka ukuta wa msikiti peke yake, kwa hiyo nilingoja wapite. Nao, kwa adabu, walingoja mimi nimalize. Mwenzangu ndiye aliyelimaliza jambo kwa kuwaamkia, akawapokea ndoo, akafuatana nao hata nyumbani kwao, akarudi na madafu mawili na habari nyingi za ugonjwa wa minazi. Nilipata ukuta wangu. Hauna mtu wala mbuzi, ingawa mbuzi walikuwako wengi.

Mara moja tu nilimhitaji ndani ya picha. Wachimbaji wa mambo ya kale huweka fimbo yenye vipimo kando ya kitu wakipigacho picha, ili mtazamaji ajue ukubwa wake. Mimi sikuwa na fimbo. Nilimwambia aweke kiganja juu ya nguzo, mwili wake ubaki nyuma. Ndivyo mkono wake ulivyoingia katika picha ya 19, vidole na kifundo na saa yenye mkanda wa ngozi, kwa cheo cha rula.

Alasiri tulikwenda Husuni Kubwa, mashariki ya mji, juu ya jabali linaloikabili bahari. Ni jumba la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100, na humo lilipatikana jiwe lenye maandishi yanayomtaja Sultani yule yule al-Hasan bin Sulaiman. Ndani yake mna birika la pande nane. Mwenzangu alishuka birikani, ambamo hamkuwa na maji, akauzunguka ukuta wake akihesabu pande kwa sauti, kisha akasema kuwa darasa lake lote lingeenea mle, na kwamba siku ya mtihani asingeona njia bora ya kuwazuia wasitazamiane. Nilicheka, nikamwomba atoke, nikapiga birika.

Tuliporudi nilisafisha mkanda, nikabandika picha katika ubao mkubwa ukumbini pa shule. Chini ya kila moja niliandika jina la jengo, karne, na mfalme. Mwaka ule ule Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambavyo vimo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, viliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, visitolewe humo hata mwaka 2014. Habari hiyo ilinivimbisha kichwa. Nilijiona si msafiri tena bali shahidi, na picha zangu hati za mahakama. Ile ya 19 niliona imechafuliwa na mkono, nikaikata kwa mkasi, ikabaki nguzo. Mwenzangu alipita siku moja, akautazama ubao tangu mwanzo hata mwisho, akasema, "Umewasahau mbuzi," akaenda zake darasani.

Sikuwa wa kwanza kuionyesha Kilwa kwa namna hii. Mwaka 1572 kilitoka mjini Köln kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia kilichotungwa na Georg Braun na Frans Hogenberg, na Kilwa imo, katika ukurasa mmoja na Aden, Mombasa na Sofala: nyumba zimesongamana, vyombo viko majini, na msomaji wa Ulaya aliyekaa penye moto wake aliweza kusema kuwa ameiona. Miaka zaidi ya 300 baadaye, maduka ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho mjini Zanzibar yaliuza kadi za picha kwa abiria wa meli. Katika kadi za zama zile jengo aghalabu hutajwa kwa jina lake, na mtu hutajwa kwa kabila au kazi yake, kana kwamba ukuta ulibatizwa na mtu hakubatizwa. Nilipozitazama kadi za namna hiyo nalihukumu vikali waliozitengeneza. Sikukumbuka ubao wangu.

Ninayemwonea wivu ni Ibn Battuta. Alifika Kilwa mwaka 1331, na habari za safari zake zilikamilika kuandikwa mwaka 1355, kwa kumsimulia mwandishi. Hakuwa na picha hata moja. Juu ya majengo alisema maneno machache tu, kwamba mji ni mzuri na umejengwa kwa mbao, maneno yaliyowasumbua wataalamu, kwa kuwa mabaki ya mawe ya zama zile tunayaona kwa macho. Lakini Sultani al-Hasan alimkumbuka vizuri: ukarimu wake uliompa jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, na siku fakiri mmoja wa Yemeni alipomwomba nguo alizovaa mwilini, naye akazivua akampa. Baada ya miaka zaidi ya ishirini kuta zilikuwa zimeteleza kumbukumbuni mwake, na mtu amebaki amesimama. Nami nilikuwa na kuta zote.

Mwenzangu alifariki mwaka 2009, kwa maradhi ya siku chache. Baada ya arobaini mama yake, aliyekuwa akikaa Tanga, aliniletea salamu kwamba amesikia nilisafiri na mwanawe na kupiga picha, naye angependa kuziona. Nilichukua albamu nikaenda. Njiani, ndani ya basi, niliifungua kuchagua zile alizomo, na hapo ndipo nilipojua kuwa hamna hata moja. Nalikwisha kuziona picha zile mara mia, sikuwa nimejua.

Nilifikiri kurudi. Sikurudi, kwa sababu basi lilikuwa limekwisha pita Segera, na sina sababu bora kuliko hiyo.

Nilimkuta barazani juu ya mkeka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, akanikaribisha, akavaa miwani. Alizitazama picha moja moja bila ya haraka, nyingine akazigeuza nyuma kama barua. Alipomaliza akasema, "Pazuri, mwanangu. Na yeye yu wapi?"

"Alikuwa kando, mama."

"Kando ipi?"

Hakuuliza kwa lawama. Aliuliza kama mtu anayetaka kuonyeshwa njia. Nikaichukua picha ya Gereza nikaiweka juu ya mkeka, nikatia kidole nje ya karatasi, upande wa kushoto, nikasema, "Hapa, mama. Amekaa na nahodha, wanazungumza bei ya tanga." Akauliza ikiwa alivaa kofia, maana jua lilikuwa likimuumiza kichwa tangu utotoni. Nikasema hakuvaa, nilimpa yangu. Nikaweka na ya ukuta wa msikiti, nikamwonyesha kwenye mkeka njia aliyoifuata na wanawake wa kisimani, na mahali aliporejea na madafu. Nikaweka ya birika, nikamwambia habari za darasa na mtihani, naye akacheka hata akavua miwani, akasema kuwa mwanawe mwenyewe siku za shule alipata kuadhibiwa kwa kutazamia. Hilo sikulijua, na yeye asingependa nilijue.

Tulikaa hivyo hata adhuhuri. Mambo niliyodhani nimeyasahau yalinijia kwa sababu aliniuliza yaliyokuwa nje ya picha, ambayo hapana mtazamaji mwingine aliyepata kuniuliza, si wanafunzi, si walimu, si mkaguzi mmoja aliyeusifu ubao ule. Wao waliniuliza karne. Nilimweleza na utani wa mashariki na magharibi. Nilikusudia aone ucheshi wa mwanawe, lakini alinyamaza kidogo, akasema, "Alikuwa akisogea ukimwambia," na sikupata la kujibu.

Nilipoishika picha ya nguzo, nikaona ukingo wake ulivyokatwa upogo kwa mkasi, nikaukumbuka mkono. Sikumwambia. Nilirudi nyumbani nikapekua masanduku siku mbili, nikaupata mkanda wenyewe katika bahasha, umeliwa na unyevu mwanzoni na mwishoni, lakini katikati mzima. Niliupeleka kwa msafisha picha, kijana mwenye ujuzi, naye akanishauri kwa nia njema tuupunguze pembeni, kwani kuna mkono wa mtu uliharibu nguzo. Nikamwambia aukuze ulivyo.

Mama alipoipokea aliutazama mkono, wala hakusema ni wa nani, nami sikusema. Aliigusa saa. Ilikuwa ya marehemu mumewe, akaniambia, na mkanda ule wa ngozi ulishonwa naye mwenyewe ulipokatika. Nilimletea fremu safari iliyofuata, ikatundikwa sebuleni juu ya kabati la vyombo.

Wageni wakimuuliza ni ukuta gani huo, alikuwa akiwaambia kwamba ni jumba la Sultani wa Kilwa, na kwamba mwanawe ndiye aliyekwenda kulipima. Ni msikiti, wala si jumba. Mara ya kwanza nilimsahihisha, nikataja na karne. Akanisikiliza kwa adabu, na mgeni aliyefuata akaambiwa vile vile. Nilimsahihisha tena. Mara ya tatu mgeni alinigeukia mimi, mwalimu wa historia, kutaka hakika, nami nikasema kwamba vipimo alivichukua yeye kweli, kwa hatua zake mwenyewe.