Mto Tana na Watu Wake

Mtoto wa shule akiulizwa mto ni nini, hujibu upesi kwamba ni maji mengi yatiririkayo kutoka mahali pa juu kwenda mahali pa chini. Jibu hilo ni sahihi. Lakini msafiri aufuataye Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ataona kwamba kila neno la jiografia lina watu wake.

Chanzo ni mahali mto uanziapo. Chanzo cha Tana kimo katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, nchi ya wakulima wa chai na kahawa. Mto ukishateremka hupita katika mabwawa ya umeme. La Kindaruma lilimalizika mwaka 1968, na la Masinga, lililo kubwa kuliko mengine, mwaka 1981. Kisha huingia nyika, ukapita Garissa na Hola. Huko hapana mengi ya kutazama ila vumbi, na mstari wa miti mibichi uonyeshao mto ulipo.

Ukipita Garsen, nchi huwa tambarare kabisa. Mto hupunguza mwendo, huacha matope yake na kugawanyika matawi. Mahali pa namna hiyo huitwa delta. Wapokomo hukaa ukingoni, wakilima mpunga, mahindi na migomba, na kuvuka kwa mitumbwi. Kwao mafuriko si msiba tu, maana maji yakipungua huacha udongo mpya wenye rutuba, ndipo wapandapo.

Waorma ni wafugaji. Kiangazi kikikausha nyika, huleta ng'ombe wao deltani kutafuta majani na maji. Ili kuufikia mto, hawana budi kupita katikati ya mashamba kwa njia iitwayo malka. Neno hilo silo katika maneno ya jiografia akaririyo mtoto darasani, nami naona huko Tana lingefaa kuandikwa ubaoni kabla ya mengine yote. Malka ikilimwa, ng'ombe hukosa maji. Na ng'ombe wakiingia shambani, mkulima hupoteza chakula cha msimu mzima. Tangu mwaka 2012 hadi mwanzo wa 2013 ugomvi wa ardhi na maji, uliochanganyika na siasa, uliwaua watu zaidi ya 100 katika delta hiyo, watoto wakiwamo.

Mwisho ni mlango wa mto, mahali uingiapo baharini, nao uko Kipini. Haukuwa hapo siku zote. Zamani Tana uliingia baharini upande wa kusini zaidi, hata katika karne ya 19 ukachimbwa kwa mikono mfereji wa Belezoni, kuuunganisha na Mto Ozi. Maji yakaupenda mfereji, yakaupanua mwaka hata mwaka, mpaka ukawa ndio mto wenyewe.

Karibu na mlango huo, wakulima wa mpunga wa Ozi huitumia bahari kwa werevu. Maji yakijaa pwani, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto yakapanda hata mashambani. Lakini maji yatokayo juu yakiwa machache, ya chumvi ndiyo yapandayo, na mpunga hufa ungali umesimama.